Pawa Saplai ya Wifi

Karakana, ghorofa ya pili
Jumamosi, saa nane mchana

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi huko kambini kwenu mnakopasua miamba kutafuta njia ya barabara. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia licha ya vumbi, na lile goti halikuamshi tena alfajiri. Sisi huku tunaendelea. Mama anakusalimu sana. Mguu wake umepungua uvimbe. Daktari alimwambia atembee, lakini polepole, naye amesikia nusu ya kwanza tu, basi kutwa yuko nje anawakagua majirani. Baba mdogo naye anakusalimu. Bado ana ile tabia ya kukohoa mara mbili kabla ya kusema jambo zito, ili kila mtu ajue kwamba sasa linakuja. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu.

Najua utashangaa kupata barua zama hizi, na simu tunayo sote. Nimekupigia mara tatu mwezi huu, na mara zote tatu nimeishia kukusimulia mguu wa Mama. Nikifungua mdomo kusema lililonipigisha simu, ulimi unakuwa mzito, naambulia kukuuliza mvua. Ndiyo maana nimeketi na karatasi, na barua hii nimempa yule dereva anayewaletea saruji, aikabidhi mkononi mwako, si kwa mtu mwingine.

Mama ameniambia kwamba ukija mwisho wa mwezi utaketi na wazee umalize mambo na mkeo, kila mtu ashike njia yake. Kaka, nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya, usitamke neno hilo mbele ya mtu yeyote kabla hujafika mwisho wa barua hii. Ukimaliza kusoma, nitukane, nikane hata undugu, sitanung'unika. Lakini maliza.

Tuanze na lile boksi. Ile kompyuta ya mezani uliinunua mwenyewe, mwaka ule wifi alipopata kazi ya kupanga kurasa za vitabu vya shule kwa mwenye kiwanda cha uchapaji. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla mwanenu hajaamka, wifi alikuwa keshaketi kwenye meza ya kona, na ikifika saa nne kurasa ziko kiwandani. Miaka minne hakuchelewa hata siku moja. Hilo nalijua vizuri kwa sababu Mama alikuwa ananikumbusha kila nilipochelewa mimi kufika kwake. Na nikiri hapa hapa mwanzoni: kule kusifiwa kwake kulikuwa kunaniwasha. Mimi ndiye niliyejifunza mashine kwa taabu, mikono imejaa alama za moto, halafu sifa za kompyuta nyumbani kwetu anapewa wifi aliyeketi kwenye kiti chenye mto.

Mwanzoni mwa mwaka boksi likaanza visa. Nakuandikia maneno ya wifi kama alivyonieleza, kwa sababu yalikuwa sahihi yote, neno kwa neno. Alisema asubuhi akibonyeza swichi, taa ya mbele inapepesa mara moja, feni inazunguka nusu, halafu kimya. Akibonyeza tena, hivyo hivyo. Akiliacha limechomekwa kwenye umeme na kuendelea kubonyeza kila baada ya dakika chache, ikifika saa tatu au saa nne linawaka lenyewe kama vile halikuwa na neno, na kutwa nzima linafanya kazi. Kesho yake asubuhi, yale yale. Akasema anavyoona yeye, ni kama linataka kupata joto kwanza. Nilicheka, kaka. Nikamwambia wifi, hiyo ni kompyuta, si lori la dizeli. Nikajiona hodari wa maneno.

Alilileta hapa karakana mara tatu. Ngazi zangu unazijua, nyembamba, hazina hata pa kushika. Mara ya kwanza alilibeba kifuani, limefungwa kwenye shuka. Fundi viatu anayekaa chini ya ngazi akamuuliza mtoto anaumwa nini, wifi akajibu kwamba haumwi, anakataa tu kuamka kwenda shule, wakacheka wote wawili. Mara ya pili fundi viatu aliacha sindano yake akamsaidia kubeba. Mara ya tatu alisaidia pia, lakini siku hiyo hakuna aliyetania.

Sasa nikueleze ninavyofanya kazi, maana hapo ndipo penye kosa. Ndani ya kila boksi kuna kitu kinaitwa pawa saplai. Kazi yake ni kupokea umeme mkali wa ukutani na kuupunguza, ndipo vifaa vingine vyote vigawiwe. Ikiugua hiyo, vingine vyote vinaonekana vigonjwa hata kama ni vizima. Unakumbuka mwaka ule pawa saplai ya mteja iliponilipukia mezani ikanichoma nyusi, ukanicheka wiki nzima? Tangu siku ile nilijitungia sheria, nikaiandika kwenye karatasi ngumu na kuibandika ukutani: hakuna pawa saplai ya mteja kuchomekwa kwenye umeme wa karakana hii. Nina yangu kubwa, nimeifunga ukutani juu ya meza. Mashine ya mteja ikifika, nachomoa nyaya za pawa saplai yake, naunganisha za kwangu, ndipo naanza kupima. Wateja huisifu tahadhari hiyo. Mimi mwenyewe niliisifu kuliko wote.

Umeelewa, kaka? Mara zote tatu boksi la wifi lilipokuja hapa lilikuwa linakula umeme kwenye pawa saplai yangu. Liliwaka kwa mbonyezo mmoja. Ningeshangaa kama lisingewaka! Mimi nilitafuta ugonjwa mwili mzima nikaacha mahali pamoja tu, pale ugonjwa ulipokuwa. Nilichomoa ramu, kile kipande cha kumbukumbu, nikaisugua meno kwa kifutio cha penseli. Nilibadilisha kile kibetri cha mazabodi, ubao mkuu wa ndani. Mara ya tatu nililiweka siku mbili, nikafuta kila kitu nikapiga windo upya, wifi akakaa siku nne nyingine anarudisha aina zake za herufi na programu zake moja moja. Na kila nilipomaliza nilirudisha nyaya zake, nikakaza skrubu, nikamwita aje achukue, bila kuliwasha tena kwa pawa saplai yake mwenyewe. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angefukuzwa kwa kosa hilo. Lakini kosa ni kosa, hakuna fundi asiyekosea. Dhambi iko mbele, vumilia.

Wifi aliniomba niende nyumbani kwenu asubuhi moja tu nikaone kwa macho yangu. Ni mwendo wa nusu saa. Nikamwambia nina kazi za watu. Nikamwambia labda ni soketi ya ukutani, akaita fundi umeme, soketi ikakutwa haina kasoro. Mara hiyo ya tatu alipokuja kulichukua, karakana ilikuwa na wateja wanne, nikaliwasha mbele yao, likawaka. Nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba mashine haina ugonjwa wowote, labda anayekawia kuwaka asubuhi ni mwenye mashine. Wakaangua kicheko. Wifi alilifunga shuka lake taratibu, fundo baada ya fundo, akanishukuru, akashuka ngazi.

Jioni ile ile ukanipigia. Mwenye kiwanda alikuwa amempa mtu mwingine kazi, amechoka kungoja kurasa, na wifi amekuambia ni mashine. Ukaniuliza kama fundi, si kama dada. Nikakujibu kwamba mashine ni nzima, mkeo analala mpaka jua linamkuta kitandani, halafu anamsingizia asiye na mdomo. Sikukuambia kwamba sijaona tatizo. Nilikuambia kwamba hakuna tatizo. Kati ya maneno hayo mawili ndiko kulikolala ufundi wangu wote, nami niliruka bila kutazama chini. Uliyoyasema kwake baada ya hapo unayajua mwenyewe, sitayarudia. Najua tu kwamba neno mwongo lilikuwemo, kwa sababu Mama alikuwa jikoni kwenu akalisikia likitoka kwenye simu.

Wifi hakulia wala hakujibizana. Alikwenda kwa Baba mdogo akaomba kikao cha familia. Alisema hataki kubishana, anataka watu waone. Aliomba kikao kifanyike nyumbani kwenu, alfajiri, boksi likiwa limelala limechomolewa na limepoa, na yeye mwenyewe abonyeze swichi mbele ya wote. Baba mdogo akakubali, lakini kwa kuwa mkweo alikuwa mgonjwa, wifi akaomba kwanza akamuuguze, akirudi ndipo tukae. Akaondoka na mtoto siku kumi. Ufunguo wa nyumba akaniachia mimi. Si Mama, si jirani. Mimi.

Siku ya kikao unaijua kwa simulizi la Mama. Nikupe langu. Tulifika saa kumi na mbili na nusu. Baba mdogo alikaa kwenye kochi, Mama pembeni yake, shangazi yake wifi kwenye kiti cha kulia chakula, mimi nikasimama karibu na mlango kama mtu mwenye safari. Wifi alikuwa amerudi usiku uliotangulia, hakuligusa boksi, alitaka tulikute kama lilivyo. Alikuwa amevaa vizuri. Alituambia tutazame taa ya mbele, itapepesa mara moja, na tusikilize feni, itazunguka nusu kisha inyamaze. Alisema hivyo kwa utulivu, kama mwalimu. Halafu akainama, akachomeka, akabonyeza.

Likawaka. Hata halikusita. Feni ikazunguka, kioo kikaleta picha yake, na ile sauti ya kukaribisha ikalia sebule nzima. Wifi akalizima, akabonyeza tena. Likawaka. Akachomoa waya ukutani, akahesabu mpaka thelathini kwa sauti ndogo, akachomeka, akabonyeza. Likawaka. Shangazi yake akainamisha uso. Mtu mmoja akacheka puani, na sitakuficha, alikuwa Mama. Baba mdogo akakohoa mara mbili, akageuka kwangu, akasema Bisibisi, wewe ndiye mwenye elimu ya vitu hivi, mashine hii ina ubaya au haina? Nami nikajibu kwamba mashine ni nzima.

Wifi alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, ningejua la kufanya na hasira. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau. Kisha akaomba radhi kwa wote, akasema ametusumbua bure, labda kweli hayuko sawa. Kabla ya saa sita alikuwa amefunga nguo zake na za mtoto, akarudi kwao. Tangu siku hiyo wewe unasimama juu ya kikao hicho kumwita mwongo, na una haki, maana watu wazima wanne waliona kwa macho yao.

Sasa kaka, kaa chini kama umesimama.

Siku tisa kabla ya kikao hicho, Mama alinituma nyumbani kwenu nikamchukulie blanketi lake. Nilifika asubuhi mapema. Nikiwa natoka nikaliona lile boksi kwenye kona, limefunikwa kitambaa. Nikasema ngoja nimcheke wifi kidogo. Nikachomeka, nikabonyeza, mkono mmoja bado umeshika blanketi. Taa ikapepesa mara moja. Feni ikazunguka nusu. Kimya.

Niliweka blanketi sakafuni. Nikabonyeza mara kumi na nne, nilizihesabu, na mara zote kumi na nne likafanya vile vile alivyosema, halikuongeza wala kupunguza. Nikafungua boksi kwa bisibisi isiyotoka begini mwangu, ile iliyonipa jina, nikafungua na pawa saplai yenyewe. Ndani mna vifaa vidogo vya mviringo vinaitwa kapasita, juu huwa bapa. Vitano vilikuwa vimevimba vichwa, kimoja kimepasuka na kutoa majimaji ya kahawia yaliyokauka. Kapasita za namna hiyo zikiwa baridi hazina nguvu ya kuamsha mashine. Zikikaa kwenye umeme zikapata joto, zinajikongoja. Wifi hakusoma hata darasa moja la umeme, na alikuwa ameujua ugonjwa tangu siku ya kwanza. Niliketi kwenye kiti chake chenye mto nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Hapo ndipo njia zilipogawanyika, na palikuwa peupe, wala sikupotea kwa giza. Ningeweza kuliacha boksi lilivyo, kikao kikaona. Ningeweza kukupigia palepale. Badala yake nilifunga mlango, nikaja mbio karakana, nikachukua pawa saplai mpya rafuni, nikarudi nikaifunga. Ile mbovu nikaitia mfukoni mwa begi. Nikafuta hata alama za vidole kwenye vumbi. Nilijiambia nampa wifi zawadi: akirudi atakuta mashine inawaka, yaishe. Nikajiambia kikao chenyewe labda kitaahirishwa. Mtu akitaka kujidanganya hakosi wakili. Ukweli ni kwamba nilijiona mbele ya Baba mdogo, yeye aliyewahi kunitetea watu waliposema ufundi si kazi ya mwanamke, nikijieleza jinsi nilivyopima mashine moja mara tatu bila kuigusa pawa saplai yake. Niliogopa kuchekwa. Nilimwona mke wa kaka yangu akivuliwa heshima sebuleni kwake ili mimi nisichekwe. Na niliposema mashine ni nzima sikusema uongo, kaka, ndilo linalonitafuna zaidi. Nilichagua jibu la kweli kwa makusudi ya kumzika mtu.

Mama alikuambia nimekonda, ukaniuliza kwenye simu kwa nini. Sasa unajua.

Ningeendelea kunyamaza, sijisifu kwamba dhamiri iliamka yenyewe. Wiki tatu zilizopita mwanao aliletwa kwa Mama, ametoka meno mawili ya mbele, anaongea kama redio. Nikiwa namsuka nywele akaniambia kwamba siku hizi yeye ndiye mkubwa wa nyumba, kwa sababu mama yake humwomba amwangalizie mambo. Humwomba amwangalizie kama mlango umefungwa kweli. Humwuliza kama taa imezimika, na yeye humjibu imezimika mama, halafu mama anauliza tena. Mtoto alikuwa anaona fahari. Nilishika kitana nikashindwa kuendelea, akaniuliza shangazi, mbona umesimama?

Jumatatu ya wiki hii ndipo nikaenda kwao. Nilimkuta uani anaanika nguo. Alinipokea vizuri, akaniuliza hali ya Mama na mguu, akaniuliza hata hali ya fundi viatu. Aliniambia amepata kazi nyingine ya kupanga kurasa, kwenye ofisi yenye kompyuta nyingi chumba kimoja. Akasema kwa haraka, kama jambo dogo, kwamba asubuhi humwomba jirani yake wa meza amwashie, kwa sababu mkono wake ukifika kwenye swichi unakataa. Alikwenda hata kwa daktari, akapewa vidonge vya kumtuliza. Nikatoa ile pawa saplai kwenye begi nikaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamwambia yote niliyokuandikia hapa.

Nilipomaliza aliichukua mkononi, akaniuliza ubaya uko wapi hasa. Nikamwonyesha vile vichwa vilivyovimba. Akavigusa kimoja kimoja kwa kidole. Akaniuliza tarehe niliyovikuta, nikamtajia, akahesabu kwa vidole mpaka siku ya kikao, akafika tisa. Akacheka, kaka, kicheko kirefu kama cha zamani, halafu katikati yake kikageuka kilio. Alisema miezi hii yote alikuwa anaamini anapata wazimu. Alisema anakumbuka kwa macho yake taa ikipepesa kila asubuhi, kisha anakumbuka kwa macho yale yale watu wazima wakiona haipepesi, akaamua kwamba macho yake si ya kuaminiwa tena.

Nilipiga magoti kwenye tope la maji ya kufulia, nikamwomba aniruhusu nikupigie palepale uje umchukue. Akakataa. Alisema nikuambie ukweli kwa sababu ni wajibu wangu, lakini nisikuombe umrudishe. Alisema mimi niliulizwa habari za mashine nikadanganya, na hilo amelisikia. Wewe uliambiwa habari zake yeye, mke uliyeishi naye miaka minane, na katika siku zote hizo hukumuuliza hata mara moja, ukibonyeza unaona nini? Akasema kama unataka kuja, uje na maswali, usije na msamaha, maana yeye hakumkosea mtu. Na hakuahidi kwamba akishayajibu atarudi. Ninakufikishia maneno yake yote, sijayatia sukari.

Alhamisi niliwaeleza Mama na Baba mdogo, pale pale kwenye kochi lenu. Baba mdogo hakukohoa. Aliinuka, akachukua kofia yake, akatoka, na mpaka leo hajapokea simu yangu. Mama akasema yeye ndiye aliyecheka. Ijumaa asubuhi akaenda kwao wifi kwa mguu wake huo huo mbovu, hakutaka nimsindikize. Hajaniambia walizungumza nini.

Ile sheria ya ukutani nimeibandua. Siku hizi kila mashine naiwasha kwanza kwa pawa saplai yake yenyewe, liwalo na liwe kwa nyusi zangu. Lakini hilo linawafaa wateja watakaokuja. Halimfai aliyekwisha kupanda ngazi zangu mara tatu.

Leo asubuhi, saa mbili kasoro, nimepata ujumbe wa wifi, wa kwanza tangu Jumatatu. Ameandika maneno matatu: leo nimewasha mwenyewe. Nimeusoma nimesimama mlangoni mwa karakana, funguo mkononi, nikalia mpaka fundi viatu akapanda kuniuliza nani amekufa. Kaka, nimetazama ujumbe ule juu na chini. Hakuandika neno lolote juu yako, nami sikuthubutu kumuuliza.

Naiweka kalamu chini, mkono umechoka na macho pia. Wasalimie wenzako wa kambini, hasa yule mpishi wenu aliyekuuguza ulipougua kifua. Mama anakuombea kazi njema na safari ya salama. Mwanao amesema nikuandikie kwamba meno yanaota tena, usiwe na wasiwasi. Dereva atakaa hapo siku mbili akipakua saruji, akirudi ana nafasi ya abiria mmoja mbele.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,

Bisibisi